Kijana kaletwa kisiwani kuvua dagaa, injini imeporwa, sasa anaambiwa afanye kazi bure hadi deni liishe

MamaKulwa_Mwaloni

Habari zenu wapendwa. Naandika nikiwa hapa Mwaloni, Kirumba, ninapouzia dagaa. Naomba mwenye uelewa wa sheria za kazi anisaidie kabla sijafanya jambo kwa hasira.

Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka ishirini na moja, ametokea Kasulu mkoani Kigoma. Mwaka jana kuna mtu alipita kijijini kwao akikusanya vijana wa kuja kuvua Ziwa Victoria. Aliwaambia nauli analipa tajiri, yaani mwenye mtumbwi, chakula kipo, na giza likiisha wanagawana hesabu nusu kwa nusu. Wakapakiwa kwenye basi hadi Nyegezi, wakavushwa Nansio, na kutoka Nansio wakapelekwa kwa mtumbwi kisiwa ambacho kwa sasa sikitaji. Mimi mama yake mdogo nipo Mwanza hapa hapa, na nilijua yuko ziwani akiwa ameshafika kambini.

Kwa wasioijua kazi yetu: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkali taa haiwavuti, kwa hiyo wavuvi wanatoka kipindi cha giza. Giza likiisha tajiri anakaa na wavuvi wake kupiga hesabu. Kijana ananiambia hesabu ya kambi yao iko hivi: tajiri anafungua simu yake, anasoma kwa sauti. Mafuta kiasi hiki, betri za taa kiasi hiki, unga, mchele, ushuru, fundi wa mtumbwi, nyavu iliyochanika. Hakuna karatasi. Akimaliza anataja cha kila mtu na kuuliza nani ana swali, na aliyewahi kuuliza swali hakupandishwa mtumbwini giza lililofuata. Hesabu yake ya kwanza ilikatwa nauli ya kutoka Kasulu, ile ile waliyoambiwa analipa tajiri. Iliyofuata alibakiwa na elfu kumi na nane.

Sasa giza lililopita walivamiwa majini na watu wenye mapanga. Wakapora injini, wakawaacha wapige kasia hadi alfajiri. Kijana alikatwa mkononi, akashonwa zahanati kwa pesa ya kuazima. Tajiri badala ya kuwapa pole amesema injini ni milioni nne na laki nane, wao wako wanne, kila mmoja anadaiwa milioni moja na laki mbili. Mpaka iishe hakuna hesabu, ni chakula tu. Msimamizi wa kambi amechukua vitambulisho vyao vya NIDA na simu zao, anasema ni dhamana. Kijana amenipigia kwa simu ya mama mmoja anayeanika dagaa pale kambini.

Naombeni mnijibu haya. Hili deni ni halali? Wenzangu hapa sokoni wananiambia mvuvi hana mwajiri, yeye ni mgawana hesabu, kwa hiyo hana pa kushtaki. Na je, nikope kikoba nilipe hiyo milioni na laki mbili nimtoe? Dada yangu analia kila siku kwenye simu.

Kasia_Igombe

Pole sana mama. Nimevua miaka mingi kabla sijahamia kwenye bodaboda, na ninachokwambia nimekiona kwa macho. Usilipe. Ukilipa ya mmoja, wale watatu waliobaki wataambiwa ndugu zao nao walipe, na kijana mwingine akiletwa mwakani bei ya kumtoa itakuwa inajulikana.

La pili, na hili mwambie leo hii: asitoroke na mtumbwi wa mtu. Najua atashawishika usiku. Akichukua hata kasia tu, kesho anaitwa mwizi, na ile kesi ya msingi inazimika. Kama anaondoka, aondoke mchana, kwa mtumbwi wa abiria, akiwa amemuaga mtu wa serikali ya kijiji.

Na kile kidonda kipigwe picha kingali kibichi. Karatasi ya zahanati itunzwe na huyo huyo mama wa kuanika dagaa, isikae kambini.

MsaidiziSheria_Ilemela

Mama Kulwa, pole. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Ilemela. Mashauri ya viwanja ndiyo mengi mezani kwangu, lakini haya ya vijana wanaoletwa ziwani kutoka Kigoma, Kagera, Simiyu na kwingine ndiyo yanayonikosesha usingizi. Nitaandika kirefu, naomba unisome mpaka mwisho.

Hiyo kauli kwamba mvuvi hana mwajiri nimeisikia kwa matajiri, kwa watendaji wa vijiji, hata kwa wavuvi wenyewe. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kimeweka vigezo vya kumtambua mfanyakazi, na kigezo kimoja tu kikitimia, mtu anahesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Tumpime kijana wako. Anafanya kazi kwa kuelekezwa na mtu mwingine? Ndiyo, saa ya kutoka na mahali pa kutega vinaamuliwa na nahodha kwa niaba ya tajiri. Vifaa vya kazi ni vya nani? Mtumbwi, injini, taa na nyavu vyote ni vya tajiri. Amefanya kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Hizo zinaisha ndani ya siku chache za giza. Anamtegemea mtu huyo kiuchumi? Hata ugali anaokula unatoka kwake. Mgao ni namna tu ya kupiga hesabu ya ujira. Mtu anayelipwa kwa ndoo ya dagaa alioanika, kwa kilo ya minofu aliyochuna kiwandani, au kwa sehemu ya mavuno ya usiku, wote wanaweza kuwa wafanyakazi.

Sasa deni. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, kinamruhusu mwajiri kukata ujira kwa ajili ya hasara, ila kwa masharti. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Apewe nafasi ya kujieleza kwa nini asikatwe. Kinachokatwa kisizidi hasara yenyewe. Na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Mtu aliyepigwa panga ziwani akaporwa injini, kosa lake liko wapi? Na hata kama lingekuwepo, mwisho ni robo. Huyu bwana anachukua robo zote nne.

Watu wengi huvunjika moyo wakisema "hatuna mkataba wa maandishi". Kwa hili mwambie kijana asiogope. Kazi ya kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni ya mwajiri, na shauri likifika mbele ya sheria mwajiri akashindwa kuyaonyesha, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha walikubaliana nini. Ile simu anayosoma hesabu itamlazimu aitolee maelezo.

Halafu kuna lililo zito zaidi ya fedha. Kumfanyisha mtu kazi ili amalize deni, bila hiari yake, huku umeshika kitambulisho chake, ni kazi ya shuruti. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo hiyo ya ajira kinaifanya kuwa kosa la jinai na kinataja kazi ya utumwa wa deni. Katiba yetu, ibara ya 25, nayo inaikataza. Na yule aliyepita kijijini Kasulu akawaahidi nauli ya bure, aangaliwe pia kwa Sheria ya Kupambana na Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008. Watu wanadhani sheria ile ni ya kuvushwa mpaka. Kumhamisha mtu kwa udanganyifu ukamfunge kwenye deni, hata ndani ya nchi, inahusika.

Nini cha kufanya. Kijana, na wenzake kama wako tayari, waende kwa mtendaji wa kijiji waseme mambo mawili tu: wameshikiwa vitambulisho na wanataka kuondoka. Mtendaji akilegea, wewe uliye Mwanza nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa. Ana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua na kumpa mwajiri amri ya kutii sheria. Uporaji wenyewe hakikisheni umeripotiwa polisi na namba ya taarifa mmeandika, maana ndiyo ushahidi kwamba injini iliibwa. Kuhusu madai ya fedha, mahali pake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi Mwanza. Fomu inaitwa F1, na nakala apewe tajiri kabla ya kuiwasilisha, akisaini kuipokea. Angalieni muda: madai ya ujira yafikishwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na kama ni kufukuzwa kazi, ni siku 30. Ukipitwa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza sababu ya maana, kwa hiyo usisubiri.

Dai pia nauli ya kurudi. Kifungu cha 43 cha ile Sheria ya Ajira kinasema mfanyakazi ambaye ajira yake imekoma mahali tofauti na alikoajiriwa, mwajiri ndiye anayemrudisha na mizigo yake, na anamlipa fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Huyu aliajiriwa Kasulu. Hiyo nauli waliyomkata kuja, idaiwe na yenyewe.

Niseme na hili kwa sababu linaniuma. Binti zetu wakienda Muscat na Dubai wakashikiwa pasipoti, nchi nzima tunapaza sauti, na tuna haki ya kupaza. Tunataka wakala awe na leseni, mkataba uwe umeandikwa, ubalozi ujue mtu wake yuko wapi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza wakala kumtoza mtafuta kazi hata kwa mzunguko. Vema. Lakini kijana wa Kasulu ambaye kitambulisho chake kimefungiwa kwenye kibanda cha kambi ya dagaa, saa chache tu kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini, hatuna mtu wa kumuuliza yuko wapi. Yeye naye ni mfanyakazi mhamiaji. Amelipiwa nauli na mtu mwingine, amefika mahali asipojua lugha ya wenyeji wala njia ya kutokea, na anayemlisha ndiye anayemdai.

Ninachokitaka kwenye sera si kigumu. Mtumbwi hauruhusiwi kuvua bila leseni, na kwenye mwalo, yaani pale mitumbwi inapofikia, kuna BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali, chenye viongozi wanaojua kila chombo ni cha nani. Basi leseni iambatane na orodha ya wavuvi wa chombo hicho: jina, alikotoka, mgao waliokubaliana, nini kinakatwa kabla ya kugawana na nani anabeba hasara ya wizi. Nakala moja ibaki BMU, moja kwa mtendaji, moja mfukoni mwa mvuvi. Mwenye chombo aonyeshe pia kwamba amejiandikisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mfuko ambao mwajiri peke yake ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi kitu. Maafisa uvuvi wanapima matundu ya nyavu kulinda dagaa wachanga. Siku hiyo hiyo, kwenye mwalo huo huo, waulize na karatasi ya wavuvi.

Mitumbwi_Kayenzi

Mimi ni mmoja wa hao mnaowaita matajiri. Nina mitumbwi ya dagaa upande wa Kayenzi na sitaki kumtetea huyu mwenzangu. Kushika NIDA za watu na kuwafungia hesabu ni unyama, nakubaliana na msaidizi wa sheria kwa asilimia mia.

Ila naomba mtusikilize na sisi. Injini ikiporwa mimi nabaki na mkopo wa benki. Niliulizia bima, wakala akanijibu hawachukui mtumbwi wa mbao. Kuna vijana wanachukua fedha ya kianzio kwangu, wanafika mwalo wa pili wanachukua kwa mwingine, giza linaanza sina watu. Hilo nalo ni kilio, na sheria ya robo haijibu mtu aliyekwisha kuondoka.

Kwangu naandika. Nina daftari kubwa, kila asubuhi mzigo ukipimwa tunaandika ndoo ngapi na bei ya siku hiyo, nahodha anasaini na mvuvi mmoja wa zamu anasaini. Hata asiyejua kusoma anaweka dole gumba na anasomewa mbele ya wenzake. Mafuta nayaandika na risiti naibana hapo hapo. Siku ya hesabu hatugombani. Tulikubaliana pia kwamba wizi wa kuvamiwa ni hasara yangu, uzembe wa kusahau kufunga injini ni wa kujadiliwa. Tangu nianze hivyo wavuvi wangu wengi wanarudi wenyewe mwezi ukiisha, sihitaji kutuma mtu Kigoma kuokota watoto wa watu.

Hiyo orodha ya BMU mimi naiunga mkono, kwa sharti moja: iwe na majina ya wanaochukua kianzio na kutoroka pia. Haki iende pande zote mbili.

MsaidiziSheria_Ilemela

Kaka wa Kayenzi, asante kwa kujitokeza. Kianzio nacho kiandikwe kwenye karatasi ile ile. Kikiwa kimeandikwa, unaweza kukidai kisheria. Nakuomba uipeleke hiyo namna ya daftari kwenye kikao cha BMU yenu, maana wenye mitumbwi wataisikia kwako kuliko kwangu. Lakini orodha ya "watoro" isiwe ya kumnyima mtu kazi ziwa zima bila kusikilizwa.

MamaKulwa_Mwaloni

Mungu awabariki. Sikulipa. Nimeongea na mtendaji wa kijiji kile kwa simu, nikamtajia kifungu cha 6 kama ulivyoniandikia, na jioni yake msimamizi amerudisha vitambulisho vya watatu. Simu bado. Kijana ameandika kwenye karatasi ya daftari magiza yote aliyovua na alichopewa kila hesabu, na yule mama wa dagaa amekubali kuwa shahidi kwa sababu naye anadai ndoo zake.

Nina swali jingine. Yule wa nne ni Mrundi, ndiyo maana hakurudishiwa kitu, kwa kuwa alichoshikiwa ni karatasi za kwao. Msimamizi amemwambia akifungua mdomo anaitiwa Uhamiaji. Kijana wangu amegoma kuondoka bila yeye. Walikuwa wote usiku ule wa mapanga, na ndiye aliyemfunga kidonda kwa shati lake. Huyu naye ana haki, au tukimpeleka mbele tunampeleka gerezani?

MsaidiziSheria_Ilemela

Mama, swali lako ni gumu na sitakudanganya. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka mgeni awe na kibali cha kazi, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, haijamfikia mvuvi wa dagaa. Upande wa Tanzania milango ya ajira ilifunguliwa kwa wataalamu na mafundi wenye vyeti. Kwa hiyo hofu yake ina msingi, na msimamizi anajua hivyo, ndiyo fimbo anayoitumia.

Lakini mwenye kosa la kumwajiri bila kibali ni pamoja na tajiri, na vitisho vya kumwitia Uhamiaji ili afanye kazi bure ndivyo ile sheria ya biashara haramu ya binadamu ya 2008 ilivyowekwa kuvizuia. Ibara ya 23 ya Katiba inampa kila anayefanya kazi haki ya malipo ya haki. Ndoo alizovua zimekwishauzwa, pengine zimepita hapo hapo Mwaloni kwako.

Kwa hiyo mpangilio ni muhimu. Asianze kwa kudai fedha CMA peke yake. Aanze kwa kutoa maelezo kama mtu aliyedanganywa na kushurutishwa, akiwa na mtu wa msaada wa kisheria pembeni. Maelezo ya kwanza yakiandikwa kwamba ni "mhamiaji haramu aliyekutwa kisiwani", kuyageuza baadaye ni kazi kubwa. Muulizeni pia kwa upole kama amesajiliwa kuwa mkimbizi, kambi ya Nyarugusu au ya Nduta, maana mkimbizi na mtu aliyevuka kutafuta kazi wanashughulikiwa kwa sheria tofauti na wana watu tofauti wa kuwasaidia. Asilazimishwe kujibu kwenye simu ya kuazima watu wakisikia.

Wakishavuka Nansio nipigieni kabla hawajapanda meli ya Mwanza. Waje wote wanne pamoja na yule mama wa kuanika dagaa kama ataweza. Kila mmoja nitamsikiliza peke yake na kuandika maelezo yake peke yake, wasifundishane. F1 nitawasaidia kuijaza bure, na huyo mwenzao wa Burundi tutampeleka kwanza kwa wakili ninayemwamini kabla hajasaini karatasi yoyote.